Nimeulizwa: Mbona Michigan Hatukunyang'anywa Kombe?

Habari zenu watu wangu wa nyumbani. Wazee wangu, shikamooni. Leo nawarekodia nikiwa ndani ya gari hapa Ann Arbor, Michigan, na huo ukuta wa matofali mnaouona nyuma yangu ndio uwanja wenyewe. Hakuna mechi, mtaa umetulia. Siku ya mechi hapa hupiti, wenye nyumba wanageuza nyasi za mbele ya nyumba zao kuwa maegesho.

Mdogo wangu wa Morogoro kanitumia ujumbe wa sauti juzi. Anasema: "Kaka, hiyo timu yako si ilikamatwa na figisu? Mbona kombe hamjanyang'anywa?" Nimekaa na hilo swali siku tatu. Nilitaka kumjibu kishabiki, nikaona hapana, nikae niseme ninachokiamini.

Kwanza niwaweke sawa wageni wa chaneli. Ninaposema futiboli hapa namaanisha ule mchezo wa Kimarekani, wa helmeti na mpira wa umbo la yai. Na timu ninayoishabikia ni ya chuo kikuu. Najua nyumbani ukisema timu ya chuo watu wanafikiria bonanza la wikiendi. Huu uwanja una viti 107,601, ndugu zangu, na unajaa. Chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kinaitwa NCAA, makao yake Indianapolis. Kinatunga kanuni, kinachunguza, kinaadhibu. Ila hakina nguvu ya mahakama: mtu akishaondoka chuoni hawawezi kumlazimisha aje kutoa ushahidi. Hilo lishikeni, nitalirudia.

Sasa kosa lenyewe. Katika futiboli mchezo unasimama kila baada ya sekunde chache, timu zinajipanga upya. Kocha anatakiwa awaambie wachezaji wake 11 shambulizi linalofuata ni lipi, huku watu laki moja wanapiga kelele. Ndiyo maana kwa miaka mingi wametumia ishara. Mara yangu ya kwanza kuingia humu ndani nilikaa karibu na benchi la wageni. Niliona vijana watatu wamesimama pembeni ya uwanja. Mmoja anajigusa kiwiko halafu kofia, wa pili anazungusha mikono kama anasonga ugali, wa tatu kainua bango lenye picha nne ambazo hazihusiani kabisa. Mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniambia ni mmoja tu anayesema kweli, waliobaki ni danganya toto.

Ukiwa kwenye mechi hiyohiyo ukazisoma ishara za mpinzani kwa macho yako, ni halali. Kilichokatazwa tangu 1994 ni kumtuma mtu akakae jukwaani kwenye mechi ya timu utakayokutana nayo baadaye msimu huo. Sababu ya katazo ilikuwa pesa. Vyuo vyenye uwezo vingesafirisha wapelelezi nchi nzima, vidogo visingeweza, kwa hiyo ikaamuliwa kila mtu atumie video tu. Hata kurekodi ishara za mpinzani kwa kifaa ni marufuku.

Kwenye benchi letu la ufundi alikuwepo mfanyakazi mmoja wa ngazi ya chini, Connor Stalions, askari wa zamani wa Marine. Huyu alinunua tiketi za mechi za wapinzani wetu, akawapa watu wake waende, wakae mahali wanapoliona benchi vizuri, warekodi kwa simu. Uamuzi wa NCAA unataja safari 56, mechi zisizopungua 52, wapinzani 13, kuanzia 2021 hadi 2023. Tiketi nyingi alinunua kwa jina lake mwenyewe. Septemba 2023 alionekana hadi kwenye benchi la chuo kingine, Central Michigan, amevaa nguo zao kama mmoja wao, siku wanacheza na Michigan State, ambao ni wapinzani wetu. Na uchunguzi ulipoanza, simu yake aliitupa kwenye bwawa.

Habari zilipotoka Oktoba 2023 tulikuwa hatujafungwa hata mechi moja. Nakumbuka tumbo lilivyonikaza. Mashabiki wenzangu wakaanza: "Kila mtu anafanya." Hilo neno siliwezi. Nimelisikia tangu utoto kwenye kila jambo chafu, na kila mara anayelisema ni yule aliyenufaika. Kila timu inajaribu kuzisoma ishara, ni kweli. Kuunda mtandao wa kununua tiketi misimu mitatu ni jambo jingine kabisa.

Novemba 10, siku moja kabla ya mechi na Penn State, umoja wa vyuo tunaocheza nao ligi, Big Ten, ukamfungia kocha mkuu Jim Harbaugh mechi tatu. Kesho yake timu ikaongozwa na msaidizi wake, Sherrone Moore. Mimi nilikuwa kazini. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, zamu ya mchana na mara nyingi usiku pia, na wazee wawili walikuwa wanaangalia sebuleni. Kipindi cha pili Michigan hawakuhangaika na pasi tena. Walikimbia na mpira, wakakimbia, wakakimbia, takwimu zinasema mara 32 mfululizo. Ukiwa na ishara au usiwe nazo, kila mtu uwanjani alijua kinachokuja, na bado Penn State hawakuweza kuwazuia. 24 kwa 15. Baada ya mechi Moore alilia mbele ya kamera. Na mimi nililia, nasema kweli, nikiwa nimeshika trei ya dawa.

Nawaeleza hili ili mjue kwamba naipenda timu hii. Mnielewe ninaposema ninayoyasema.

Wiki mbili baadaye tukacheza na watani wetu wa jadi, Ohio State. Ninaye mwenzangu wa kazi, Mrundi, alifikia Columbus, mji wa Ohio State, kama mkimbizi kabla ya kuhamia huku, na mchezo huu aliupendea kulekule. Tunaongea Kiswahili jikoni usiku kucha. Siku ile mchezaji wetu Zak Zinter alivunjika mguu, uwanja mzima ukanyamaza. Akabebwa. Shambulizi lililofuata tu, Blake Corum akakimbia yadi 22 hadi mwisho, kisha akaonyesha vidole, sita na tano, namba ya mwenzake. Tukashinda 30 kwa 24. Mwenzangu akazima simu, akaendelea kupanga vikombe, halafu akasema taratibu: "Mmeshinda. Lakini mtihani ulivuja, kaka."

Sikumjibu. Stalions alikuwa ameshaachia ngazi tangu mwanzo wa mwezi, kwa hiyo jibu ningekuwa nalo: mechi kubwa tulizishinda bila yeye. Hiyo ndiyo hoja nzuri kuliko zote tulizonazo, na Januari 8, 2024 pale Houston tulipoifunga Washington 34 kwa 13 na kuchukua ubingwa wa nchi nzima, tuliirudia hadi sauti zikakauka. Lakini mtihani ulivuja 2021 pia, na 2022 pia. Miaka hiyo yote miwili tulichukua ubingwa wa Big Ten, na hakuna anayeweza kuniambia ni maswali mangapi tuliyaona kabla.

Na kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Huu ni mchezo wa kugongana. Mlinzi anayejua mpira unaelekea wapi anafika na mwili mzima kabla mwenzake hajajiandaa. Aliye upande wa pili ni kijana wa miaka 19, mtoto wa mtu.

Hukumu ilikuja Agosti 2025. Karibu miaka miwili! Wachezaji wengi waliohusika wameshaondoka, kocha Harbaugh aliondoka mwezi uleule wa ubingwa kwenda kufundisha Chargers kwenye ligi ya kulipwa. NCAA ikampa miaka kumi, kuanzia 2028, ambayo chuo kinachotaka kumwajiri lazima kijieleze. Yeye amekana kwamba alijua kilichokuwa kinaendelea, na nisingependa kumsingizia. Lakini kamati ya NCAA ilisema alikuwa na wajibu wa kuwasimamia watu wake na hakushirikiana na wachunguzi. Miaka kumi hiyo inamgusaje mtu aliye kwenye ligi nyingine, ambayo NCAA haina mamlaka nayo? Stalions alipewa minane. Moore, ambaye alikuwa amefuta ujumbe 52 alioandikiana na Stalions, alifungiwa mechi tatu kwa jumla. Chuo kikapigwa faini: dola 50,000, asilimia 10 ya bajeti ya futiboli, na pesa sawa na mapato ya mechi za mwisho wa msimu kwa misimu miwili. Inatarajiwa kupita dola milioni 20. Kombe likabaki. Kamati ikasema kosa lilistahili kufungiwa mechi za mwisho wa msimu, ila ingekuwa kuwaadhibu vijana wasiohusika.

Mdogo wangu, hapo kwenye vijana mimi nakubaliana nao. Sitaki pointi za mezani, na sitaki Corum na Zinter wafutiwe jasho lao kwa tiketi ambazo hawakuzinunua. Kinachoniuma ni kwamba huruma hiyo haikuwepo zamani, na ukiangalia nani alinyimwa unaona kitu.

Nendeni Texas, 1987. Chuo cha SMU pale Dallas. Wafadhili walikuwa wanawapa wachezaji pesa za siri, na chuo kilikuwa tayari kwenye uangalizi. NCAA ilikuta wachezaji 13 wamelipwa jumla ya dola 61,000. Gavana wa jimbo, Bill Clements, alikuja kukiri kwamba alipokuwa kiongozi wa bodi ya chuo yeye na wenzake waliamua malipo yaendelee ili ahadi kwa vijana zitimizwe. NCAA ikaifuta timu msimu mzima. Waliiita adhabu ya kifo. Msimu wa pili chuo chenyewe kikashindwa kuendelea. Haikucheza tena mechi ya heshima ya mwisho wa msimu mpaka 2009. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule alikuwa na 42.

Halafu Reggie Bush, mchezaji wa chuo cha USC kule California. Familia yake ilipewa nyumba ya kukaa na zawadi na watu waliotaka kuwa mawakala wake. Akarudisha tuzo ya Heisman ya 2005, ile ya mchezaji bora wa vyuo, chuo kikafutiwa ubingwa, kikafungiwa mechi za mwisho wa msimu miaka miwili, kikapunguziwa nafasi 30 za ufadhili. Nafasi 30 ni vijana 30 ambao wangesomeshwa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa kwenye ile nyumba.

Na hao watani wetu wa Ohio State. Wachezaji waliuza vitu vyao, pete za ubingwa, jezi, hata vile vidani vya suruali ndogo ya dhahabu wanavyopewa kwa kutufunga sisi, wakapata pesa na kuchorwa tatuu. Kocha alijua akanyamaza, akajiuzulu 2011. Mwaka 2012 wakaja wengine na kocha mwingine, wakashinda mechi zote 12, wakaenda nyumbani. Hakuna fainali, hakuna chochote, wamefungiwa. Mwenzangu alinisimulia hilo jikoni kwa uchungu kama msiba, na nilimwelewa.

Sasa angalieni leo. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao. Tangu 2025, baada ya kesi kubwa mahakamani, chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wanamichezo wake, mwaka wa kwanza kikomo kikiwa dola milioni 20.5. Hadharani, kwa mkataba. Heisman ya Bush alirudishiwa Aprili 2024. Kilichoua timu nzima kule Dallas leo ni mstari kwenye mshahara.

Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo rungu zito zaidi lilikuwa linashuka juu ya kijana aliyepokea hela, kwa kanuni ambayo kazi yake ilikuwa kulinda mifuko ya wakubwa. Na hii ya kwetu, kanuni inayolinda mechi yenyewe, inayohakikisha timu mbili zinaingia uwanjani zikiwa sawa, imeishia kwenye hundi, na chuo hiki hundi kinaweza kuiandika.

Ningekuwa na uwezo, ningetaka adhabu imfuate kocha popote aendapo, ligi ya vyuo na ya kulipwa zikubaliane. Na itoke ndani ya msimu, wakati mhusika bado kavaa nembo ya chuo. Redio ndani ya helmeti zimeruhusiwa tangu 2024, ishara zitaanza kupotea zenyewe. Lakini kesho litazuka jingine, na wachunguzi watakuwa walewale, bila nguvu ya kumwita mtu aliyeshaondoka.

Ndiyo jibu langu, mdogo wangu. Kombe lipo, nililishangilia, na sitasema tulikuwa safi.

Leo usiku nina zamu na yule mwenzangu. Nitamwambia nilichopaswa kumwambia ile siku jikoni, kwamba ni kweli ulivuja, na walikuwa na haki ya kukasirika. Haya, acha niwashe gari. Mama, ukiiona hii usilale na simu, nitapiga kukipambazuka huko.