Arobaini ya Tabriz: Dini Ilivyorejea Katika Siasa za Dunia

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, nazungumza nanyi kutoka Mombasa, na mwenzangu Mwalimu Elia yuko Iringa. Mada yetu ya leo ni dini katika siasa za dunia ya sasa, na ningependa tuanze na neno ambalo karibu kila anayeandika kuhusu jambo hili hulitumia, yaani kurejea. Husemwa kwamba dini imerejea. Nami kama mtu wa pwani najiuliza, kwani ilikuwa imekwenda wapi?

ELIA: Ahsante, Dada Zuhura. Haikuwa imekwenda popote, isipokuwa katika vitabu vya wasomi. Katika miaka ya 1950 na 1960 wanazuoni wengi wa Ulaya na Marekani walifundisha kwamba nchi ikishajenga viwanda, ikasomesha watoto na watu wakahamia mijini, dini itabaki kuwa shughuli ya nyumbani, kisha itafifia polepole. Viongozi waliotofautiana kwa mengi, kama Nehru wa India na Shah wa Iran, walikubaliana walau katika hili, kwamba taifa litasimama juu ya mipango ya maendeleo na si juu ya mimbari. Halafu ukaja mwaka 1979. Iran ikawa jamhuri ya Kiislamu, Papa akaitembelea Poland iliyokuwa chini ya Wakomunisti, kule Marekani mhubiri Jerry Falwell akaunda jumuiya yake ya Moral Majority ili kuwaandikisha waumini kupiga kura, na mwezi Novemba watu wenye silaha wakauteka Msikiti Mtakatifu wa Makka, siku ileile ya kwanza ya mwaka 1400 Hijria.

ZUHURA: Mambo manne katika mwaka mmoja, na wahusika wake wengi hawakuwa na habari za wenzao. Naomba tukae na Iran kwanza, kwa sababu kuna jambo moja ambalo msikilizaji wa Lamu au Tanga ataliona wazi kuliko hata mchambuzi wa London. Kwetu mtu akifariki, baada ya siku 40 ndugu na majirani hukusanyika, husoma hitima, hula pamoja, kisha hutawanyika. Sasa mwezi Januari 1978 gazeti moja la Tehran lilichapisha makala ya kumkashifu Ayatollah Khomeini, mwanazuoni wa Kishia aliyempinga Shah na aliyekuwa uhamishoni Najaf nchini Iraq. Wanafunzi wa dini mjini Qom wakaandamana, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku 40 baadaye, tarehe 18 Februari, ikafanywa arobaini ya marehemu wale katika miji kadhaa, na kule Tabriz ikageuka ghasia kubwa na watu wengine wakauawa. Siku 40 zikahesabiwa tena, na mwishoni mwa Machi ikawa zamu ya Yazd na miji mingine.

ELIA: Kwa hiyo kila mauaji yalijipangia tarehe ya mkutano unaofuata.

ZUHURA: Tena mkutano usiohitaji kibali, bango wala mjumbe. Shah aliweza kupiga marufuku vyama, na mwaka 1975 alikuwa amekwisha kuvifuta vyote akabakisha kimoja chake mwenyewe. Aliweza kufunga magazeti na kuwatia ndani wanaharakati wa mrengo wa kushoto. Lakini ni serikali gani itakayosimama mlangoni pa mfiwa na kumwambia asimsomee mwanawe? Hapo ndipo ninapoiona siri ya jambo zima. Pale ambapo milango mingine yote imefungwa, mlango wa msikiti hubaki wazi, na kila mwenye neno la kusema huingilia humo, awe mchamungu au la.

ELIA: Ongezea na kaseti.

ZUHURA: Naam, kaseti. Oktoba 1978 Iraq ilimfukuza Khomeini, akaenda kukaa Neauphle-le-Château, kijiji kilicho karibu na Paris. Huko hotuba zake zilisomwa kwa simu hadi Tehran, mtu upande wa pili akazinasa kwenye rekoda, kisha kanda zikanakiliwa na kusambazwa sokoni na misikitini. Wafanyabiashara wa soko kuu la Tehran, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakitoa khumsi, yaani sehemu ya tano ya faida kwa ajili ya dini, kwa wanazuoni, ndio waliosaidia pia kuzilisha familia za wagomaji. Tarehe 1 Februari 1979 mzee akatua Tehran kwa ndege ya Air France, na miezi miwili baadaye kura ya maoni, kwa hesabu rasmi, ikaidhinisha jamhuri ya Kiislamu kwa zaidi ya asilimia 98.

ELIA: Nakubaliana nawe kuhusu mlango, ila nina hofu na namna unavyoieleza dini, Dada Zuhura, kana kwamba ni bomba tu la kupitishia hasira za watu. Tazama Poland. Juni 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye miezi minane kabla yake alikuwa bado Kardinali Wojtyła wa Kraków, alisali misa katikati ya Warsaw mbele ya mamia ya maelfu ya watu. Hakumtukana mtu, wala hakutaja chama. Aliomba Roho ashuke na kuufanya upya uso wa nchi, kisha akaongeza, wa nchi hii. Televisheni ya serikali ilimwonyesha yeye, watawa na wazee, na ikauepuka umati. Kwa hiyo aliyebaki nyumbani aliona vikongwe kwenye kioo, ilhali aliyekuwapo uwanjani aliona kwamba jirani yake yupo, mwenzake wa kiwandani yupo, hata yule aliyedhaniwa kuwa mtu wa chama yupo. Watu walihesabiana. Jambo hilo halifanywi na bomba. Walikuja kwa sababu wanaamini.

ZUHURA: Nimekuelewa, na nitakubali nusu. Walikuja kwa kuamini, lakini waliondoka na kitu kingine juu ya imani.

ELIA: Waliondoka na hesabu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Agosti 1980, fundi umeme Lech Wałęsa, kiongozi wa wagomaji, alisaini mkataba wa Gdańsk na serikali kwa kalamu kubwa ya plastiki yenye picha ya Papa, kalamu ya ukumbusho ambayo isingepita katika ofisi yoyote ya heshima. Mafundi wa sayansi ya siasa wanaweza kuandika kurasa mia kuhusu Kanisa na vyama vya wafanyakazi, lakini mimi kalamu ile inanitosha. Mwaka 1989, uchaguzi ulipofunguliwa kidogo, Solidarity, jumuiya ya wafanyakazi iliyotokana na mgomo ule, ilitwaa viti 99 kati ya 100 vya seneti.

ZUHURA: Basi Iran na Poland zinafanana kwa kuwa dini ilikuwa nje ya ikulu. India haimo katika fungu hilo. Kule vyama vilikuwa huru, magazeti yalikuwa huru, na kura zilipigwa kila baada ya miaka michache. Milango ilikuwa wazi, na bado dini iliingia.

ELIA: Iliingia kwa sababu ilileta kura, tuseme ukweli. Chama cha BJP, chenye siasa za utaifa wa Kihindu, kilipata viti viwili tu bungeni mwaka 1984. Kikalishika suala la Ayodhya, mji ambao Wahindu wengi wanauamini kuwa mahali alipozaliwa mungu wao Rama, na ambako ulisimama Msikiti wa Babri tangu karne ya 16. Mwaka 1989 kikapata viti 85. Septemba 1990 kiongozi wake, L. K. Advani, akaanza safari kutoka Somnath, Gujarat, kuelekea Ayodhya, akiwa juu ya Toyota iliyojengewa mwili wa gari la mashujaa wa kale. Kila mji ilipopita, watu walirusha maua, na nyuma yake mara nyingi zilibaki ghasia. Alikamatwa katika jimbo la Bihar kabla ya kufika, lakini mwaka uliofuata viti vilifika 120. Tarehe 6 Desemba 1992 umati ukaubomoa msikiti kwa nyundo na mikono, na ghasia zilizofuata ziliua watu wapatao 2,000, wengi wao Waislamu.

ZUHURA: Hiyo Toyota inanikera kuliko yote, nisamehewe. Msikiti wa Qom na uwanja wa Warsaw viliwakinga wanyonge. Gari lile lilikwenda kuwatafuta wanyonge mahali walipo.

ELIA: Na bado waliolipungia mkono walikuwa waumini wa kweli, si watu wa kukodiwa. Ndiyo maana nasema tusiidharau imani katika hesabu zetu, iwe inatupendeza au inatutisha. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu Zaidi ya India ilisema kwamba ubomoaji ulivunja sheria, ila ikakabidhi kiwanja kwa ujenzi wa hekalu na kuagiza Waislamu wapewe ekari tano mahali pengine. Tarehe 22 Januari 2024 Waziri Mkuu Narendra Modi mwenyewe alishiriki ibada ya kulizindua.

ZUHURA: Kisha wananchi wakapiga kura.

ELIA: Kisha wananchi wakapiga kura, na Juni 2024 BJP ikapoteza kiti cha Faizabad, jimbo ambalo ndani yake ndimo ulimo mji wa Ayodhya, kwa zaidi ya kura 54,000. Aliyeshinda ni mwanasiasa wa jamii ya Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa. Barabara za kuelekea hekaluni zilikuwa zimepanuliwa, na maduka na nyumba vikabomolewa, na wenye maduka hayo, wengi wao Wahindu wanaomsujudia Rama kila asubuhi, walilalamikia fidia. Sidhani kama waliacha kuamini. Walitenganisha tu mambo mawili ambayo chama kilitaka yabaki pamoja.

ZUHURA: Hapo kwetu Kenya, mwaka 2010, tulipata mtihani mdogo wa namna hiyo. Makanisa mengi yalipinga katiba mpya, mojawapo ya sababu ikiwa mahakama za kadhi, kana kwamba zilikuwa zimebuniwa juzi. Mahakama hizo zilikuwapo tangu enzi za Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakazikuta, na mkataba wa mwaka 1963 kuhusu ukanda wa pwani ukazilinda. Wakenya wakapitisha katiba kwa takriban thuluthi mbili ya kura, na wengi wao walikuwa Wakristo waliokuwa wamesikia mahubiri ya kuikataa.

ELIA: Poland nako hesabu imegeuka. Baada ya ukomunisti Kanisa lilikaa karibu na serikali, na mwaka 2020 mahakama ya katiba ilipobana zaidi sheria ya utoaji mimba, vijana walijaza barabara, na baadhi yao wakaandamana mpaka milangoni mwa makanisa. Mwaka 2011 Wakatoliki waliojiandikisha katika sensa walikuwa takriban asilimia 88. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 71, na mtu mmoja kati ya watano alikataa kujibu swali hilo. Linaniuma kidogo, maana nyumbani kwetu picha ya Papa yule ilitundikwa sebuleni tangu alipokuja Tanzania mwaka 1990.

ZUHURA: Na Iran je? Tarehe 16 Septemba 2022 alifariki Mahsa Amini, binti wa miaka 22, baada ya kukamatwa Tehran na polisi wa maadili kwa sababu ya hijabu. Hesabu siku 40, Mwalimu.

ELIA: Tarehe 26 Oktoba.

ZUHURA: Siku hiyo askari walifunga barabara za kuelekea Saqqez, kwao marehemu. Watu wakaacha magari, wakakata mashambani kwa miguu, maelfu kwa maelfu, mpaka makaburini, kumfanyia arobaini yake.