Mawe ya Tsavo na Maji ya Mombasa

Assalaam aleikum, na habari za jioni. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini, na tulipokuwa tukipanda ngazi ameninong'oneza: "Mzee, leo habari za chemchemi ya Mzima zisizidi dakika kumi." Naona wanaonijua wameshaanza kucheka. Haya, tutaona.

Nani hapa ametumia maji ya mfereji leo? Inueni mikono. Na walionunua mtungi kwa mwenye mkokoteni? Ninyi ndio wengi, poleni. Sasa mmoja wenu aniambie maji hayo yametoka wapi. "Kampuni ya maji" si jibu, bwana. Kampuni hainyeshi mvua.

Mombasa inakunywa kutoka sehemu nne: Mzima, Marere, Baricho na Tiwi. Mzima imo ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi. Marere ni Shimba Hills, nayo ni hifadhi ya taifa. Baricho ni visima vilivyochimbwa kando ya Mto Sabaki, na Sabaki ndio huo huo Galana unaokatiza Tsavo Mashariki kabla ya kufika kwetu. Imebaki Tiwi tu isiyo na deni kwa mbuga. Kwa hiyo zile mbuga tunazodhani ni za wageni wenye kofia na darubini, sisi tunazioga kila asubuhi.

Halafu mtoto wetu anapelekwa Tsavo na shule. Wazazi wamechanga, basi limekodiwa, chapati zimefungwa tangu usiku. Anarudi jioni anajua mimba ya ndovu huchukua miezi 22, na hajui hata jiwe moja. Nimelisema jambo hili katika kila ukumbi ulionikaribisha na nitalisema leo tena: tumegeuza mbuga kuwa darasa la somo moja, wanyama, na jiolojia, yaani elimu ya miamba na ardhi, tumeiacha nje.

Nilipokuwa nikifundisha Jiografia tuliwapeleka wanafunzi Mzima. Pale pana chumba kilichojengwa chini ya maji, unateremka ndani na kutazama samaki na viboko kupitia kioo. Aliyetuongoza alikuwa stadi kweli. Kila samaki ana jina lake, kila ndege ana sauti yake, watoto wamenyamaza wanamsikiliza. Msichana mmoja akauliza: "Maji haya yanatoka wapi?" Akajibiwa: "Chini." Akauliza: "Chini wapi?" Yule bwana akamtazama mwalimu mwenzangu. Mwalimu mwenzangu akatazama saa, akatangaza wakati wa chakula. Ikawa ndio mwisho wa jiolojia siku hiyo. Sitaji shule wala mtu, maana yangekuwa yale yale popote.

Msichana yule alistahili jibu, nami nitalitoa hapa hata mwenyekiti akinuna. Kaskazini-magharibi ya Mzima iko milima ya Chyulu, inapanda hadi mita 2,188. Juu kuna msitu na ukungu, mvua inanyesha vizuri, lakini tafuta mto katika milima ile, hupati hata kijito. Kwa nini? Chyulu yote imejengwa na volkeno, ni majivu na lava iliyojaa matundu na nyufa. Ndani yake kuna mapango marefu yaliyobaki baada ya lava ya moto kupita na kutoka. Pango la Leviathan peke yake lina zaidi ya kilomita 10. Milima ile ni kifumbu cha tui: mimina juu, hakuna kinachosimama. Maji yanazama mpaka yakutane na miamba mikongwe iliyo chini ya lava, miamba iliyopikwa na joto na uzito zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, migumu, isiyopitisha maji. Hapo hayana njia ila kuteleza juu ya mwamba, gizani, kwa miaka, hadi lava inapoishia. Inapoishia ndipo Mzima. Yanatoka pale masafi, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, yanatembea juu ya ardhi kama kilomita mbili, yanazama tena chini ya lava, kisha yanaibukia kuuingia Mto Tsavo. Bomba lililojengwa miaka ya 1950 linachukua sehemu ndogo tu na kuiteremsha kilomita zipatazo 220 hadi hapa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo panaponikera. Bomba la pili la Mzima limezungumzwa miaka na miaka. Kila msimu wa kampeni linafufuka. Sina ugomvi nalo, nami pia nina ndoo kavu nyumbani. Lakini Mto Tsavo unakutana na Athi, inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na kwenye Sabaki ndiko kuna Baricho. Ukichota zaidi juu, utapungukiwa na kiasi gani chini? Msitu wa Chyulu ukizidi kukatwa na kuchomwa, ukungu utanaswa na nini, na Mzima itaanza kushuka baada ya miaka mingapi? Majibu hayapatikani Nairobi mezani. Yanahitaji vipimo vya mvua milimani, vipimo vya maji kwenye chemchemi, watu wanaopanda kule mwaka baada ya mwaka na madaftari yao. Huo ndio utafiti wa jiolojia mbugani. Si anasa ya maprofesa.

Naona dada yangu pale anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: wanyama ndio wanaoleta pesa, hakuna mgeni atakayekata tikiti aje atazame jiwe. Hivyo? Nenda Hell's Gate pale Naivasha uwaulize wanaokodi baiskeli wanakwenda kuona nini. Wanakwenda kwenye majabali na korongo! Pundamilia wanawaona njiani. Na pale Shetani, Tsavo Magharibi, lava nyeusi imetanda kilomita zipatazo nane, kila basi linasimama, kila mtu anapiga picha. Lava ile inasadikiwa kumwagika katikati ya karne ya 19. Fikirieni: Fort Jesus imeshaingia mikononi mwa Mabusaidi, masultani wa Unguja, majahazi yako bandarini, na huko bara ardhi inatema moto. Mgeni anapewa nini baada ya picha? Anaambiwa wenyeji walidhani ni shetani. Basi. Hadithi nzuri, naipenda, lakini ni mlango tu. Waliomo nyumbani hatuwaoni.

Wa pili huwa ananiambia: mkifungua mbuga kwa watu wa mawe, mtawaleta wachimba madini. Yakhe, wachimba madini wameshafika zamani, na ndio wanafunzi bora wa jiolojia tulio nao! Kito cha kijani kinachoitwa tsavorite, ambacho dunia imekijua kwa jina la mbuga yetu tangu miaka ya 1970, kinachimbwa Taita Taveta, na kijana anayekichimba kwa sururu anajua mwamba upi una mshipa na upi ni bure. Hakufundishwa na mtu. Mwanafunzi wa chuo kikuu akiomba kibali cha kuchunguza ndovu anaulizwa atahitaji gari lini. Akisema mawe, anaulizwa anatafuta dhahabu. Hili limempata mwanafunzi niliyemwandikia barua mimi mwenyewe. Mwishowe akaandika utafiti wake juu ya kokoto za machimbo ya kando ya barabara.

Nirudi Tsavo, kuna moja siwezi kuliacha. Mkipanda treni ya kwenda Nairobi, kaeni upande wa kulia. Baada ya Voi tazameni kwa mbali ng'ambo: kilima kilichonyooka juu kama kimepigwa rula, hakiishi. Huo ni mwinuko wa Yatta, karibu kilomita 300, moja ya mikondo mirefu ya lava duniani. Ajabu yake ni hii. Yapata miaka milioni 13 iliyopita pale palikuwa bonde la mto. Lava ikatoka bara, ikafuata bonde kama maji yanavyofanya, ikapoa, ikawa jiwe. Kisha mvua na mito vikala ardhi laini ya pande zote mbili, jiwe likabaki. Bonde la zamani leo ndilo kilima, na mto umehamia chini yake. Mwambie mtoto hayo akiwa ameketi dirishani na hatakaa asahau. Badala yake anaonyeshwa katuni kwenye simu.

Maji ya Yatta yananileta Malindi. Mbuga ya bahari ya Malindi ilianzishwa mwaka 1968, na sisi tunaijua kwa mashua za vioo. Tumbawe kubwa hukua mwaka hadi mwaka na kuweka tabaka, na kila tabaka hubaki na habari za maji ya mwaka ule. Watafiti walitoboa tumbawe la pale, wakatoa kijiti chembamba na kusoma humo miaka 300 hivi. Walikuwa wanapima madini ya bariamu, kwa sababu bariamu huja na tope la mto. Kwa miaka mingi kiasi hakibadiliki sana. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, kinapanda kwa kasi. Ni nini kilitokea? Ardhi ya bara ililimwa na kukatwa miti namna ambayo haijapata kutokea, wakati wa serikali ya kikoloni, na udongo wake ukateremka kwa Sabaki hadi baharini. Udongo wa Ukambani umeandikwa ndani ya tumbawe la Malindi! Anayedhani utafiti unaharibu mbuga, tundu lile halizidi ukubwa wa mkono, na faida yake ni kumbukumbu ambayo hakuna karani aliyeiweka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mbuga ya Sibiloi nilitaka kuieleza kwa kirefu, kule kando ya Ziwa Turkana, jinsi mabishano juu ya umri wa tabaka moja la majivu ya volkeno yalivyodumu miaka, wengine wakisema lina miaka milioni 2.6, hadi ikakubalika ni karibu milioni 1.9, na fuvu mashuhuri la binadamu wa kale lililokuwa chini yake likapata umri mwingine. Basi, siku nyingine. Lakini Hell's Gate siiruki. Mwaka 2012 vijana saba walikufa korongoni kwa mafuriko ya ghafla, na mwaka 2019 wakafa watu saba tena. Korongo lile limechongwa na mafuriko hayo hayo, kuta zake zenyewe zinaonyesha maji yamewahi kufika wapi, na mvua inaweza kunyesha mbali huku juu yako jua likiwaka. Mwanafunzi aliyefundishwa kusoma ukuta ule hangoji king'ora.

Ninachotaka ni kidogo. Vibao vya Kiswahili Mzima, Shetani na Yatta, vyenye mchoro, si mistari arobaini ya maandishi. Wanaoongoza wageni wapewe wiki moja na mwanajiolojia. Kibali cha mwanafunzi wa hapa nchini kisichukue muda mrefu kuliko masomo yake. Tanzania walipata hifadhi ya jiolojia ya Ngorongoro Lengai mwaka 2018, inayotambuliwa na UNESCO, ya kwanza kusini mwa Sahara. Wenzetu hawakuwahamisha simba ili kupata nafasi ya mawe. Na walimu mliopo hapa: safari ijayo mkifika kwenye kile chumba cha kioo, kabla ya samaki, anzeni na Chyulu.

Maswali sasa. Wenye malalamiko ya bili za maji tuonane nje, maana hayo hayataisha kabla ya Isha.