Kesi Hufia Kijijini Kabla ya Kufika Mahakamani

Mhadhara kwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na mgambo, Iringa

Kamwene. Wenyeviti, watendaji, vijana wa mgambo, na akina mama wa mabaraza ya kata mliokaa pale nyuma, asanteni kwa kuacha palizi mkaja.

Tuanze na jambo linalouma. Mwizi anakamatwa alfajiri na gunia begani, kitongoji kizima kinamwona. Miezi minane baadaye anapita njia ileile akiwa huru. Watu wanasema hakimu amekula. Rushwa ipo, na nitaifikia. Lakini mara nyingi kesi ya namna hiyo ilikufa siku ileile ya kwanza, mikononi mwa watu wenye nia njema ambao hawakujua ni nini hasa kinachotakiwa kuthibitishwa. Leo nataka tujue kinachotakiwa.

Kwanza, si kila ubaya ni jinai. Mtu amekopa mbegu na mbolea kwa ahadi ya kulipa gunia 6 baada ya mavuno. Mvua imekatika Isimani, hakuvuna, hakulipa. Huyo ni mdaiwa, na deni lake ni kesi ya madai. Kumweka mahabusu ili ndugu zake wachange ni kutumia dola kukusanya madeni ya watu. Linageuka jinai pale alipokudanganya tangu mwanzo huku akijua anadanganya: amekuuzia shamba ambalo anafahamu si lake, au shamba moja ameliuza kwa watu wawili. Kwa hiyo mlalamikaji akija ofisini, swali la kwanza lisiwe "anakudai au unamdai shilingi ngapi". Muulize: alikwambia nini siku ile ulipompa fedha, na je, alijua ni uongo?

Ugoni vivyo hivyo. Dini zinaukataza na mila zinaukataza, ila Tanzania Bara hautoi kifungo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwenye ndoa haki ya kudai fidia, basi. Mgambo akimfunga mgoni kamba na kumtembeza kijijini, aliyetenda jinai hapo ni mgambo.

Upande wa pili, yapo mambo tuliyoyazoea hadi hatuyaoni kuwa makosa. Lumbesa ni mojawapo. Gunia la viazi linaongezewa kipande juu, linashonwa kwa kamba, mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo imeweka ukomo wa kilo 100 kwa kifungashio cha mazao, na kuuzia au kununulia lumbesa ni kosa. Mkulima anaibiwa mchana, mbele ya ofisi ya kijiji, na ushuru unakatwa juu yake. Hili linanikera kuliko wizi wa usiku, kwa sababu sisi viongozi tunakuwa tumesimama pale pale.

Sasa tuingie ndani. Kosa la jinai, kwa kawaida, lina miguu miwili: kitendo na nia. Mmoja ukikosekana, halisimami.

Chukueni wizi, maana ndio tunaokutana nao kila wiki. Kanuni ya Adhabu inataka kitu kiwe kimechukuliwa kwa hila, bila haki, kwa kusudi kama lile la kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Na "kuchukua" maana yake kitu kimesogezwa. Ukimkuta mtu ndani ya ghala, mkono juu ya gunia, gunia halijasogea hata kidogo, wizi haujatimia. Hilo halimwachi huru, maana lipo kosa la kuvunja na kuingia, na lipo la kujaribu kuiba. Lakini shahidi akisema mahakamani "aliiba" na mwenzake akasema "gunia lilikuwa mahali pake", ushahidi unagongana, na mgongano huo unamfaidi mshtakiwa. Semeni mlichokiona, jina la kosa waachieni waendesha mashtaka.

Kwa fedha, sheria ni kali zaidi, na hapa nawaomba wahazini wa vikoba na vyama vya ushirika wanisikilize vizuri. Mhazini anachukua laki 4 za kikundi alipe ada ya mtoto, na moyoni ana hakika atazirudisha Ijumaa. Anasema "nimeazima". Sheria inasema ukichukua fedha kwa hila, ukikusudia kuzitumia utakavyo, ni wizi hata kama ulikusudia kuzirudisha baadaye. Kuzirudisha kunaweza kupunguza adhabu. Hakufuti kosa.

Halafu kuna kinga ambayo huvunja kesi nyingi huku kwetu: imani ya dhati kwamba mali ni yangu. Ndugu wawili wanagombea shamba la marehemu baba yao. Mmoja amelima, mwingine amevuna mahindi. Mnamkamata aliyevuna kwa wizi. Yeye anajibu: shamba ni la urithi wangu. Kama anaamini hivyo kweli, hata akiwa amekosea, nia ya kuiba haipo. Mahakama itasema nendeni kwanza mkaamue shamba ni la nani, huko kunakoamuliwa ardhi. Na kumbukeni, tangu mwaka 2021 baraza la kata katika migogoro ya ardhi ni la kusuluhisha tu, ndani ya siku 30. Likishindwa, wadaawa wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuhusu nia katika mauaji, mfano mkubwa uko hapa hapa mkoani. Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, yule ambaye chuo cha ualimu kinaitwa kwa jina lake, aliuawa kwa risasi huko Isimani. Aliyempiga risasi, mkulima Saidi Mwamwindi, aliubeba mwili kwa gari akaupeleka polisi mwenyewe. Hapakuwa na ubishi ni nani aliyefyatua risasi. Kesi ilipofika Mahakama Kuu, kilichobaki ni hali ya akili na moyo wake wakati ule. Utetezi ulidai alichokozwa. Mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji na kumhukumu kunyongwa.

Sheria ya kuchokozwa ni hii: kama mtu ametendewa au ametukanwa kiasi ambacho mtu wa kawaida wa jamii yake angepoteza uwezo wa kujizuia, na akaua palepale kabla hasira haijapoa, kosa linashuka kutoka mauaji kuwa kuua bila kukusudia. Neno zito hapo ni "palepale". Aliyetukanwa kilabuni saa 12 jioni, akaenda nyumbani, akanoa panga, akarudi saa 2 usiku, huyo amepata muda wa kupoa. Ndiyo maana shahidi asiyetaja saa anaacha tundu kubwa. Na kwa kuwa hakuna anayeona ndani ya moyo, mahakama huisoma nia kwenye vitu vya nje: silaha gani, imepiga sehemu gani ya mwili, mara ngapi, kwa nguvu kiasi gani, mtuhumiwa alisema nini, alifanya nini baadaye. Shahidi akieleza hayo, ameieleza nia bila kuitaja.

Sasa, kesi ya jinai ni ya nani? Mlalamikaji anasema "kesi yangu". Si yake. Ni ya Jamhuri, yeye ni shahidi. Ipo nafasi ya suluhu: kwa makosa madogo ya kugombana, au ya kibinafsi yasiyo mazito, mahakama yenyewe inaweza kuhimiza mapatano, na Katiba, ibara ya 107A, inataja kukuza usuluhishi. Lakini mtoto wa miaka 13 amebakwa, na wazee wanakaa chini ya mti kupokea ng'ombe wawili ili yaishe nyumbani. Hakuna mzee, mzazi wala mwenyekiti mwenye mamlaka ya kusamehe kosa hilo. Adhabu yake haipungui miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Anayepokea ng'ombe wale anauza haki ya mtoto ambaye hakuulizwa.

Basi, likitokea hilo, fanyeni hivi. Mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Nguo zikauke kivulini, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kila nguo na mfuko wake. Nailoni hutunza unyevu, na unyevu huozesha ushahidi. Afikishwe hospitali mapema iwezekanavyo, kwa vyovyote ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina maana zikianza baada ya hapo. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, watatoa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Aliyejeruhiwa vibaya, damu inamtoka, mpelekeni akatibiwe kwanza, karatasi ifuate. Na asihojiwe na watu kumi. Kila anayemuuliza mtoto upya anazalisha maelezo mengine, na tofauti ndogo kati ya maelezo hayo zitasomwa mahakamani.

Mzigo wa kuthibitisha uko kwa Jamhuri, mwanzo hadi mwisho. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka itakapothibitika. Katika madai, anayeshinda ni yule ambaye maneno yake yanaelekea zaidi kuwa kweli. Katika jinai ni lazima ithibitike pasipo kuacha shaka ya maana. Hakimu akimwachia mtu, hajasema "hakuiba". Amesema "hamjanithibitishia".

Shaka huingilia wapi? Mara nyingi kwenye utambuzi wa usiku. Mahakama ya Rufani imeonya tangu mwaka 1980 kwamba kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu, usitegemewe mpaka uwezekano wa kukosea uondolewe. "Nilimwona kwa mwanga wa taa" haitoshi. Taa gani, ya sola, kibatari au tochi? Ilikuwa wapi, ilimmulika nani? Hatua ngapi kati yenu? Kwa muda gani? Ulimfahamu kabla? Na kubwa kuliko yote: ulimtaja kwa nani mara ya kwanza? Aliyeibiwa akimtaja mwizi kwa jina kwa jirani wa kwanza aliyefika, ushahidi wake una uzito. Akimtaja baada ya siku 3, wakili atauliza siku zote hizo alikuwa anamfikiria nani.

Mali iliyoibwa nayo ina utaratibu. Mwenye mali aeleze alama zake kabla hajaonyeshwa: ng'ombe ana pengo sikio la kushoto, simu ina IMEI ya tarakimu 15, pikipiki ina namba ya chesisi, mbao zina alama ya rangi nyekundu mwishoni. Mkimwonyesha kwanza halafu mkamuuliza alama, mmemfundisha jibu. Kisha kielelezo kipite mikono michache inavyowezekana, na kila mkono uandikwe: nani amempa nani, saa ngapi, kimehifadhiwa wapi. Ng'ombe habadiliki kirahisi, lakini bangi, fedha na nguo zenye damu zikilala sebuleni kwa mwenyekiti bila maandishi, hazina thamani tena.

Kuhusu kukamata. Raia anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa. Polisi wana saa 4 za msingi za kumhoji tangu awe chini ya ulinzi, ukiacha muda wa safari, na ofisi ya kijiji si mahabusu. Kipigo kinaharibu kila kitu: maungamo yaliyotolewa kwa kipigo hayapokelewi, na makovu ya mtuhumiwa yanakuwa utetezi wake. Akifa, magazeti yataandika "wananchi wenye hasira kali", lakini sheria haina mshtakiwa wa jina hilo. Ina nia ya pamoja: aliyeleta tairi, aliyeleta mafuta ya taa, aliyeziba njia, wote wanaweza kusimama kizimbani kwa mauaji. Na wale wanaotuhumiwa uchawi kwa ramli, bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupika kwa kuni, hawana kosa lolote mbele yenu. Jukumu lenu ni kusimama kati yao na watu.

Maswali yaliyoandikwa nayajibu machache.

Je, RB ni hati ya kukamata? Hapana. Ni namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni. Mwenye RB hana mamlaka ya kumshika mtu.

Dhamana ya polisi ni bei gani? Haina bei. Mdhamini anasaini ahadi, halipi chochote pale kaunta. Anayedai fedha ya dhamana anadai rushwa, na namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure. Yapo makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha, na hapo hakuna fedha inayoweza kuigeuza sheria.

La mwisho ni la mwenyekiti mmoja: polisi wamepekua nyumba mchana, jioni wamemletea hati ya ukamataji mali nyumbani asaini kama shahidi huru. Asaini? Kama hakuwepo, asisaini. Atasimama kizimbani na swali la kwanza litakuwa: kilitolewa chumba kipi? Mkiitwa kwenye upekuzi, fikeni kabla haujaanza, muwaone wapekuzi wakionyesha mikono na mifuko yao mitupu, ingieni nao kila chumba, na hati ijazwe papo hapo, ikitaja kila kitu kwa idadi na alama, isainiwe na mwenye nyumba na mashahidi, na mwenye nyumba apewe risiti. Ukifika katikati, sema na iandikwe kwamba ulifika saa fulani, ukakuta vitu fulani vimeshatolewa nje.