Keki Imekatwa, Bi Harusi Hajaingia

Nitaanza na lile lile, maana leo nisipolisema mtadhani naumwa. Picha zikivurugika mpangilio kwenye runinga ya sebuleni, kompyuta haina kosa, rimoti haina kosa, na fundi msimpigie simu. Kosa ni tarehe.

Chukueni harusi yoyote. Mpiga picha wa kukodi ana kamera yake, shemeji ana yake, shangazi ana simu. Baada ya wiki mafaili yote yanamwagwa kwenye folda moja, ndugu wamejaa sebuleni, sahani za pilau mapajani, mtu anabonyeza rimoti. Bi harusi anakata keki. Kisha yuko saluni anapambwa. Kisha wakwe wanaaga, halafu ndiyo kwanza maharusi wanaingia ukumbini. Vijana wanacheka, mama mzazi amenuna, na lawama zote kwa Kodi, programu ya watu ya kuonesha picha kwenye runinga, iliyofanya ilichoambiwa.

Sasa sikilizeni. Kila picha ina tarehe mbili. Moja kamera imeiandika ndani ya picha ulipobonyeza kitufe, katika maelezo yanayoitwa EXIF, namna hii: 2023:08:12 16:05:10. Nyingine ni ya faili, na hiyo haina msimamo: ukinakili, ukipakua, ukihariri, inaweza kubadilika. Ukipanga picha kwa tarehe ya faili, huenda unatazama historia ya flashi yako, si ya harusi.

Na ile ya ndani nayo ni kweli pale tu saa ya kamera ilipo kweli. Hapa sisi Waswahili tuna ugonjwa wetu. Mtu ananunua kamera asubuhi, inamuuliza saa ngapi. Kwake ni saa mbili, basi anaweka 2:00. Kamera ilitaka 8:00! Toka siku hiyo kila picha iko nyuma kwa saa sita. Maharusi wakiingia saa mbili usiku, kamera ya jirani iliyowekwa vizuri inaandika 20:00. Keki ikikatwa saa nne, kamera yetu inaandika 16:00. Haya, mashine ifanyeje? Kumi na sita inatangulia ishirini.

Dawa ni exiftool, programu ya bure ya kurekebisha tarehe hizo kwa kuandika amri, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kila kamera iwe na folda yake kwanza. Mkishachanganya mmeumia, kwa sababu kamera mbili zinaweza kutoa IMG_0001 kila moja, na moja ikaifuta nyenzake. Kisha kwa folda yenye ugonjwa:

exiftool -AllDates+=6 KAMERA2

Mara moja tu! Ukiirudia umeongeza saa kumi na mbili. Inaacha nakala za mwanzo zenye mkia wa _original. Msizifute mpaka mhakikishe. Kamera ikipishana kwa dakika, tuseme iko nyuma 47, mahali pa +=6 andikeni +=0:47. Mtajuaje ni 47? Kabla ya shughuli kila mpiga picha apige picha ya saa ya simu moja, basi. Picha moja tu, lakini hakuna anayeikumbuka.

Halafu tarehe iingie kwenye jina la faili, na picha za kamera zote zikutane kwenye folda moja, HARUSI:

exiftool "-FileName<DateTimeOriginal" -d "HARUSI/%Y%m%d-%H%M%S%%-c.%%e" KAMERA1 KAMERA2

Lile %%-c linaongeza namba pale picha mbili zinapopigwa sekunde moja. Kuna atakayeinua mkono: mbona Kodi inaweza kupanga kwa tarehe ya kupigwa? Inaweza, nani amekataa? Lakini kesho flashi inakwenda kwa babu, inachomekwa kwenye runinga yake, na hiyo huenda inajua jina la faili tu.

Picha za WhatsApp je? Zikitumwa kama picha, EXIF inanyofolewa na ukubwa unapunguzwa. Na ile tarehe kwenye jina, IMG-20230812-WA0007, si ya kupigwa. Mwambieni shangazi atume kama hati, au mchomoleeni kwa kebo.

Naoneshwa karatasi ya muda, sijafika hata nusu. Picha za wima: kamera nyingi hazigeuzi picha, zinaandika tu alama ya mwelekeo. Programu nyingine hugeuza picha na kuisahau alama, kisha Kodi inageuza tena, bwana harusi analala ubavu. Picha za iPhone za aina ya HEIC zikikataa kufunguka, zigeuzeni kuwa JPEG. Kwenye Kodi zimeni ile ya kusogeza na kukuza picha, inakata vichwa; na sekunde tano kwa picha zinatosha, labda nane kwa ile ya ukoo mzima. Mistari myeusi pembeni msiihangaikie: picha ya 4:3 kwenye runinga ya nukta 1920 kwa 1080 inachukua upana wa 1440 tu, hiyo ni hesabu, si ubovu.

Kingo zikikatwa, mara nyingi shida iko kwenye runinga. Tafuteni ukubwa wa picha kwenye rimoti, mchague Just Scan, Screen Fit au Dot by Dot, kila kampuni na jina lake. Mkiona saa ya Windows nzima pale chini kulia, wekeni rimoti mle pilau.