Nani Anamgeuza Babu Saa Nane ya Usiku?

(Mhadhara kwa familia zinazouguza wazee nyumbani, Mbeya)

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee akifika miaka 60, na utunzaji wake inauweka kwanza mikononi mwa familia. Sawa. Ila familia siku hizi iko Tunduma, iko Dar es Salaam, iko Mufindi kwenye mbao. Nyumbani Rungwe zinafika pesa za simu, na amebaki mkaza mwana mmoja. Pesa hizo zinanunua dawa, hazimgeuzi mtu kitandani. Tena kwa desturi ya Kinyakyusa mkaza mwana hamtazami baba mkwe, sembuse kumwogesha. Mzee akipooza, aliyebaki nyumbani ndiye mwenye mwiko. Basi babu analalia shuka lililolowa mpaka jioni, na lawama zote anabebeshwa yule mama. Mnamwonea. Kaeni kikao, mtajeni mwanamume wa kumshika mzee: mwanawe, au mjukuu, maana babu na mjukuu ni watani.

Sasa kazi yenyewe. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Bandikeni karatasi ukutani, kila anayemgeuza aandike saa. Mfupa ukigandamiza ngozi muda mrefu, damu haipiti, nyama inaanza kufa kwa ndani kabla kidonda hakijaonekana. Kagueni kila siku chini ya mgongo, nyonga, visigino, viwiko, kisogo na nyuma ya masikio. Kwenye ngozi nyeusi msisubiri wekundu; tafuteni sehemu iliyokoza rangi kuliko jirani yake, yenye joto au ugumu. Mkiiona, msiichue. Kuchua kunazidi kuumiza nyama iliyokwisha kuchoka. Asiilalie tena mpaka irudi kawaida.

Akilala ubavu, asisimame wima juu ya nyonga. Alale kwa mshazari, mto nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti. Akilala chali, mto ukae chini ya miundi ili visigino vielee. Na yale matairi ya ndani ya pikipiki mnayowakalishia, yatoeni! Duara linabana damu pande zote za kidonda.

Kosa kubwa ni kumburuta. Tandikeni kitenge kilichokunjwa mara mbili kutoka mabegani hadi mapajani, watu wawili washike pembe, wamnyanyue kwa pamoja. Akijikojolea, msafisheni papo hapo, mkausheni kwa kumgusagusa bila kusugua, kisha mafuta ya mgando kidogo. Chakula kiwe cha kujenga mwili: maharage, yai, usipa wa Kyela uliosagwa kwenye uji. Akila akae wima, na abaki hivyo nusu saa, asije akapaliwa.

Baridi ya Juni na Julai, hasa Uporoto na Makete, ina mtego wake. Jiko la mkaa halilali chumbani, hata mkaa ukiwa umekolea bila moshi. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na mlango mmefunga. Chupa ya maji ya moto ifungwe kwa kitambaa na ikae mbali na miguu ya mwenye kisukari. Hasikii ikimuunguza.

Kidonda kikifunguka, kikitoa harufu au kikiwa cheusi, mpelekeni kituo cha afya. Mwenye miaka 60 au zaidi asiye na uwezo wa kulipa ana msamaha wa matibabu katika vituo vya serikali. Anzeni na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa.

Tupige hesabu. Kila saa mbili ni mara 12 kwa siku, mara 84 kwa wiki, na kunyanyua kunataka watu wawili. Kwa hiyo ninyi mlioko mjini, mkipanga mchango wa mwezi, anzeni na ujira wa kijana wa kulala pale, kisha gawaneni likizo, kila mmoja wiki yake, kwa majina.