Mkwaruzo Kwanza, Nyuzi Baadaye

(Mazungumzo na vijana wanaoanza ufundi wa karakana, Ngamiani, Tanga)

Shikamooni wazee mlioko nyuma. Vijana, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie kukata nyuzi, ile mifereji inayozunguka boliti, kwenye lezi, mashine ya kukereza chuma. Wengine huziita thredi, wengine hesi. Mimi nimezoea nyuzi. Najua mnavyofikiri: chuma kinazunguka, kisu kinaingia, boliti inatoka. Nami nilidhani hivyo, nikaharibu shafti ya watu.

Ukikereza chuma kawaida, kisu kiende haraka au polepole, hasara ni ndogo. Kwenye nyuzi, kisu kimefungwa kwa gia na mzunguko wa chuma chenyewe. Boliti ya kawaida ya M16, yaani ya unene wa milimita 16, ina hatua ya milimita 2: chuma kikizunguka mara moja, kisu kinasogea milimita 2 kamili. Kinachokivuta ni skrubu ndefu iliyolala mbele ya mashine. Ukikosea gia, hata uwe na mkono mwepesi vipi, nati haitaingia.

Sasa shafti yangu. Ilitoka kwenye mashine kuukuu ya mkonge. Mkonge uko kwetu tangu 1893, na kwenye mashine za zamani za mashambani usishangae kukuta vipimo vya inchi. Nati ilikuwa nusu inchi ya Whitworth, kipimo cha zamani cha Waingereza cha nyuzi za inchi. Mimi nikaitazama kwa jicho moja, nikasema hii M12 tu, nikakata nyuzi za shafti hivyo. Kumbe nusu inchi ni milimita 12.7, ina nyuzi 12 katika kila inchi, na pembe yake ni nyuzi 55. M12 ya kawaida ina hatua ya 1.75 na pembe ya nyuzi 60. (Ndiyo, Kiswahili kinatuchezea hapa, nyuzi za boliti na nyuzi za pembe ni neno lile lile.) Nati ikaingia mzunguko mmoja na kidogo, ikagoma. Mwenye shafti hakusema neno. Alinitazama tu.

Tangu siku hiyo sikati kabla ya kukwaruza. Paka chuma wino wa kalamu nene. Hakikisha ncha ya kisu iko usawa wa kitovu cha chuma, na kisu kimeelekea chuma kwa pembe mraba, hakijapinda kushoto wala kulia. Kama kimepinda, kile kipimo chenye umbo la mkia wa samaki ndicho kitakachokuambia. Gusisha ncha, ongeza unene wa karatasi ya daftari, pitisha mara moja. Simamisha. Utaona mstari unang'aa kwenye wino, mwembamba kama uzi wa buibui. Weka rula: kwenye M16, kutoka mstari wa kwanza hadi wa kumi na moja ni milimita 20. Ukihesabu mistari kumi badala ya nafasi kumi utapata 18 na utagombana na gia zisizo na kosa. Kama hatua si yenyewe, mkwaruzo huo unafutika kwa msasa. Kina cha milimita moja hakifutiki.

Ikikubali, ndipo unashuka. Kina cha M16 ni kama milimita 1.23. Anza na 0.3, kisha punguza kila pasi; za mwisho ziwe 0.05, na mafuta yasikosekane. Mwendo uwe wa chini kabisa. Ukifika mwisho, vuta kisu nje kwanza, halafu rudisha mashine kinyumenyume. Usifungue ile nati inayoshika skrubu ndefu, hasa kama skrubu ya mashine yako ni ya inchi nawe unakata milimita. Ukiifungua ovyo, kisu hakitarudi kwenye mfereji wake, kitachimba mwingine kando.

Mikono mirefu ikunjwe, au uivue shati yenyewe. Hilo sitalirudia.

Vipande viko mezani, kila mmoja achukue kimoja. Leo hakuna anayekata nyuzi. Ni mkwaruzo tu, nami nitapita na rula.