Saraka ya Tovuti: Usiishie Sebuleni

ZUHURA: Saidi, wiki nzima unanitumia saraka za tovuti, hizi orodha za tovuti zilizopangwa kwa mafungu. Nimefungua tatu, nikazifunga zote.

SAIDI: Zimekukosea nini, dada?

ZUHURA: Ya kwanza, viungo vitano nilivyobofya, vitatu vimekufa. Ya pili, kila tovuti ni “nambari moja”. Yaani mwenye mali kajisifu mwenyewe, mhariri hajagusa neno.

SAIDI: Hapo ndipo penyewe. Yahoo ilianza kama saraka mwaka 1994, Jerry Yang na David Filo wakiwa wanafunzi Stanford. Tovuti ilifunguliwa na mtu, ikasomwa, ikapangiwa fungu lake.

ZUHURA: Halafu wakaanza kutoza.

SAIDI: Dola 299 kwa mwaka, kwa tovuti za biashara. Ila hela ile ilikuwa ya kukaguliwa. Unalipa, na bado unaweza kukataliwa.

ZUHURA: Na hurudishiwi?

SAIDI: Hurudishiwi.

ZUHURA: Mbona ingeniuma!

SAIDI: Na iume. Saraka inayompokea kila mwenye pesa ni ubao wa matangazo tu.

ZUHURA: Basi bora ile ya bure, DMOZ.

SAIDI: Niliipenda sana. Ilianza 1998, wahariri wote wa kujitolea, na ilikuwa na roboti ya kupita kwenye viungo ikisaka vilivyokufa. Lakini mafungu mengine yalikosa mhariri kabisa. Unawasilisha tovuti, unangoja miezi, kimya. Ikafungwa 2017.

ZUHURA: Kwa hiyo kulipisha si dhambi, na bure si sifa.

SAIDI: Swali ni nani anasoma, na ana ujasiri wa kusema hapana. Mimi nikitaka kuijua saraka, siangalii ukurasa wa kwanza. Huo ni sebule, hufagiliwa kila siku. Naenda uani: fungu dogo kabisa, tuseme ufugaji wa nyuki. Nauliza, limewekwa chini ya kilimo au chini ya wadudu? Aliyelitafuta kwenye wadudu ameelekezwa kwenye kilimo, au ameachwa hewani?

ZUHURA: Na maelezo yanasema kilichomo, au ni sifa tupu.

SAIDI: Sentensi moja kavu inatosha. “Mwongozo wa kutengeneza mizinga, una michoro.” Nimeshajua kama nibofye.

ZUHURA: Ila wengi hawaingizi tovuti zao kwa ajili ya msomaji. Wanataka kiungo ili Google iwapandishe kwenye matokeo ya utafutaji.

SAIDI: Ndiyo maana zilizaliwa saraka elfu zinazofanana. Mwaka 2012 Google ikaleta Penguin, kanuni mpya ya kupanga matokeo, ikawashusha waliojirundikia viungo vya namna hiyo. Saraka ambayo hakuna binadamu angeifungua kama Google isingekuwepo, ya nini?

ZUHURA: Hujaniuliza ya tatu.

SAIDI: Enhe, ya tatu?

ZUHURA: Ilikuwa nzuri. Mpangilio safi, maelezo mafupi. Nikashuka mpaka chini, nikakuta “imekaguliwa mara ya mwisho”, tarehe hakuna.

SAIDI: Ulienda uani mwenyewe, bila kutumwa.